Siku Mia Tano Bila Mtu Kuumia

8 Januari, Jumatatu

Mvua milimita 41. Vyura wamo chooni tena, wanene, wametulia kama wenye nyumba.

Tumerudi kazini baada ya Krismasi. Msimu wa mvua hatupasui mwamba hapa machimboni. Mashine ya kusaga mawe inazimwa mpaka Machi na kila mtu anageuka fundi: vijiko vya kuchimbia na matingatinga yanalala karakanani matumbo nje, watu wanatambaa chini yake na kutukana. Mimi nipo palepale nilipo miaka kumi na tisa sasa: mzani wa malori, sanduku la huduma ya kwanza, na ubao wa langoni. Ubao una maandishi mekundu, SIKU kadhaa BILA MTU KUUMIA, na nambari hutundikwa na mimi kila asubuhi. Leo nimetundika 458.

Dowsett, meneja wetu, ameahidi kwamba siku ya mia tano kila mtu atapata jaketi, nambari imetariziwa mgongoni kwa uzi wa dhahabu, na soseji za kuchoma juu. Nimeandikisha saizi yangu. Kubwa, maana najijua.

11 Januari

Milimita 63. Vince Pastega, msimamizi wa karakana, amepigwa na nati. Iliruka ikamchana juu ya nyusi. Nilimkuta amekaa juu ya tairi anajipaka gundi ya supaglu huku akijitazama kwenye kioo cha pikapu, kisha akabandika selotepu nyeusi ya umeme.

"Vince, hiyo inataka nyuzi."

"Nimeshashona, Mama Merle. Tazama kazi hiyo, hata daktari hafui dafu."

"Niandike kwenye daftari?"

"Uandike nini? Kwamba nimejikuna?"

Damu ilikuwa imefika kwenye kola. Wenzake wakacheka, na mimi nikacheka nao. 461.

15 Januari

Milimita 88. Fundi wa kuchomelea kachomwa macho na mwanga, kofia yake ya kioo ina ufa tangu Oktoba. Amelala kwenye benchi na viazi vya kukwangua juu ya macho. Viazi vyenyewe nimekwangua mimi. 465.

19 Januari

Milimita 12. Hakuna jipya. 469.

25 Januari, Alhamisi

Milimita 97. Jana mzee Fergie, dereva wa tingatinga, aliteleza kwenye ngazi ya mtambo wake, ile yenye kipandio kilichokatika ambacho nimekiripoti mara tatu. Kifundo cha mguu kimevunjika. Daktari kasema akae nyumbani wiki sita.

Leo saa kumi na mbili asubuhi nani namwona anashushwa kwenye gari la kampuni? Fergie, mguu kwenye plasta nyeupe mpaka gotini. Dowsett mwenyewe kamshika kwapa. Wamemweka ofisini kwangu, mguu juu ya kiti, wakampa boksi la miwani ya kazi ahesabu.

"Nahesabu nini?" akauliza.

"Miwani," Dowsett akamjibu. "Ukimaliza, anza tena."

Maana mtu akifika kazini, hata akiletwa kama gunia, siku hiyo haikupotea. Na kama siku haikupotea, ubao hausogei nyuma. Hiyo ndiyo hesabu yao.

"Merle," Fergie akaniambia Dowsett alipoondoka, "nina miaka sitini na minne. Nimelipwa kusukuma mawe, nimelipwa kusukuma matope. Sijawahi kulipwa kwa kutazama feni."

Nilicheka, halafu nikamtazama vizuri. Alikuwa anatokwa jasho kwa maumivu, midomo myeupe, na choo kiko mita mia mbili, tope tupu. Mara ya pili alipotaka kwenda haja alinitazama kwa aibu, mzee wa watu, ikabidi nimwite Vince amsaidie. Nikatundika 475.

1 Februari

Milimita 54. Fergie amehesabu miwani mara thelathini na moja. Anasema idadi haijabadilika.

6 Februari, Jumanne



Saa nne asubuhi alikuja Apenisa. Apenisa Vatubua ni fundi mitambo kutoka Fiji, mwaka wa pili huu yuko nasi, yeye na mkewe Litia anayefungasha ndizi shamba la jirani. Mtu mkubwa, sauti ndogo. Kibali chake cha kukaa nchini kimefungwa kwenye kazi hii. Kazi ikikatika, naye kakatika. Aliingia anatabasamu, kiganja cha kulia kakiinua juu.

"Mama Merle, nipe plasta moja. Kitu kidogo tu."

Chini ya kidole cha shahada palikuwa na kitobo. Sindano ya cherehani hutoboa zaidi ya vile. Hakuna damu. Ngozi pembeni yake imepauka kidogo, basi.

"Umefanyaje?"

"Kijiko kinavuja mafuta ya haidroliki, hatuoni wapi. Nikapitisha mkono kwenye mpira wa mafuta."

"Injini inawaka?"

"Inawaka. Vince alisema nipitishe mkono, tuwahi kabla mvua haijarudi."

Wote wanafanya hivyo. Wanapapasa mpira wenye presha ya kupasua jiwe kama mtu anayepapasa shuka kutafuta kunguni. Kinachotakiwa ni kipande cha kadibodi: unakipitisha, mafuta yanakitoboa, umepata pa kuziba. Kadibodi ziko stoo. Funguo za stoo ninazo mimi, na miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kuniomba.

Nilijua. Hili siwezi kulizunguka. Kila mwaka napelekwa kozi, na kila mwaka wanatuonyesha picha ileile: mkono uliopasuliwa kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Mafuta ya presha yakiingia mwilini hayaumi kwanza. Yanatambaa ndani, yanaua nyama kimyakimya, na mtu anatakiwa afike kwa daktari wa upasuaji ndani ya saa chache, hata kama anacheka. Picha hiyo iko juu ya sinki langu. Niliibandika mwenyewe.

Nikampigia Dowsett, akaja, akauinua mkono wa Apenisa akautazama kama anayetafuta mwiba.

"Hiki?"

"Ni mafuta, Dowsett. Inabidi aende hospitali sasa hivi. Kijito kinapanda, kitafunga barabara."

"Inauma?" akamuuliza Apenisa.

"Hapana, bosi. Siafu wa kwetu anauma zaidi."

"Umemsikia." Akanivuta nje, chini ya bati, mvua inatupigia kelele. "Merle, zimebaki siku kumi na tatu. Watu ishirini na wawili wameshaandikisha majaketi. Unataka uwaambie kwamba wamekosa kwa sababu ya tobo la sindano?"

"Si tobo la sindano."

"Basi tumwangalie mpaka kesho. Kikivimba, nitamwendesha mwenyewe. Neno langu hilo."

Nikarudi ndani. Apenisa aliniuliza, "Vipi, Mama?" Nami, mwanamke mzima, mwenye cheti ukutani, nikamwambia atie barafu, arudi kazini. Kwenye daftari nikaandika: mkwaruzo, mkono wa kulia, plasta. Akasema asante. Akarudi chini ya kijiko.

Kijito kilifunga barabara saa tisa alasiri, na hospitali iko ng'ambo. Tulikuwa na saa tano nzima.

Nimetundika 487. Mvua milimita 212.

7 Februari, Jumatano

Saa moja asubuhi Litia alipiga simu mzanini. Hajawahi kunipigia. Alisema, "Njoo uone ulichokiita mkwaruzo."

Nilikwenda. Apenisa alikuwa amekaa sakafuni ameegemea kochi, mkono juu ya mto, na ule haukuwa mkono tena. Ulikuwa umevimba mpaka vidole vimeachana, kiganja kina rangi ya ini, kidole cha shahada kimekuwa kijivu na baridi. Alikuwa anauma kona ya taulo. Aliponiona akatoa taulo mdomoni ili aniamkie. Aniamkie, mimi!

Nilimpigia Dowsett kutoka barazani. "Ita helikopta."

"Maji yatashuka mchana."

"Hayatashuka, milimita mia mbili jana! Ita helikopta, Dowsett!"

"Helikopta ikiitwa na kampuni, inaandikwa. Ikiandikwa, wakaguzi wanakuja. Ngoja mchana."

Na mimi nikangoja. Simu nilikuwa nayo mkononi, nambari ya dharura ina tarakimu tatu tu, mtoto mdogo anaijua. Saa tatu, saa nne, saa tano, nasimama barazani nakitazama kijito kama ng'ombe.

Aliyeita helikopta ni Litia. Alinipita bila kunitazama, akapiga kwa simu yake, akataja jina lake na mtaa wake bila kutetemeka. Ilitua uwanja wa mpira wa shule. Dowsett alikuwa ameshafika kabla yake. Alimwinamia Apenisa kwenye machela na kumnong'oneza kitu sikioni. Apenisa akatikisa kichwa kukubali.

488. Ndiyo, nilirudi nikatundika. Nijiite nini?

8 Februari

Milimita 140. Dowsett ametuita karakanani. Kasema Apenisa ameumia nyumbani, alikuwa anaosha gari kwa ile mashine ya presha.

Siku ya milimita mia mbili na kumi na mbili, mtu anaosha gari! Nilimtazama Vince, nikidhani atacheka. Vince aliyemwamuru apitishe mkono. Alikuwa anatazama buti zake, na selotepu bado iko usoni.

"Mmesikia," akasema. "Nyumbani. Haya, kazini."

Lo, watu wazima ishirini! Hakuna hata mmoja aliyekohoa. Zamani nilikuwa nawasifu hawa kwamba wakipendana wamependana. Kumbe ni jaketi.

12 Februari

Milimita 30. Litia amempigia Fergie, si mimi. Wamekata kidole cha shahada, cha kati, na nyama ya kiganja hadi karibu na kifundo cha mkono. Wamemwosha mafuta ndani ya mkono mara tatu. Vilivyobaki ni dole gumba na vidole viwili ambavyo daktari anasema havitakunjika, mkono ule hautashika kitu tena. Fundi mitambo, mkono wa kulia.

Fergie alikuwa analia huku anahesabu miwani. 493.

14 Februari

Milimita 8. Sikula.

17 Februari, Jumamosi

Leo nimeona uchafu ambao sikujua kwamba binadamu anaweza.

Dowsett alinipigia asubuhi nimsindikize kwa Apenisa, ametoka hospitali jana. "Mwanamke akiwapo mambo yanalainika," alisema. Nilidhani anakwenda kumwangalia mgonjwa. Nikapanda.

Wafiji wana desturi. Aliyekosa huenda kwa aliyekosewa na kava, mizizi ya kinywaji chao, anakaa chini mkekani, anainamisha kichwa, anakiri. Kava ikipokewa, kosa limezikwa, na hakuna wa kulitaja tena, si yeye wala watoto wake. Niliwahi kuiona hapahapa mjini, vijana wawili walipigana kwenye raga na wazee wao wakaja na fungu la mizizi limefungwa kwa kitambaa, chumba kizima kikatulia. Ni jambo la heshima. Lilinitoa machozi siku ile.

Basi Dowsett alikuwa ameisoma mahali. Alitoa kwenye mfuko wa dukani paketi ya kava ya unga, stika ya bei bado iko juu yake. Akavua buti. Akakaa mkekani, akakunja miguu kwa shida na kuguna, na kuanza: anaomba radhi, yeye na kampuni, kwa yote yaliyotokea. Alikuwa ameyakariri, na sauti ameilegeza kabisa.

Apenisa alilia. Sikutegemea. Aliinamisha kichwa, machozi yanamshuka, kisha akavuta paketi kwa mkono wa kushoto akaiweka mbele yake. Desturi yao ukipokea unapiga makofi mara tatu, viganja vimekunjwa, yatoe sauti nzito. Hakuwa na kiganja cha pili. Akajipiga pajani mara tatu kwa ule mmoja.

Machozi hayajakauka, Dowsett katia mkono mfuko wa shati, katoa karatasi na kalamu.

"Hii sasa ni kumalizia tu, kaka. Inasema ulikuwa nyumbani. Si tumeshayazika?"

Apenisa alitia sahihi kwa mkono wa kushoto, maandishi yanapanda na kushuka kama ya mtoto wa chekechea. Litia alikuwa amesimama mlango wa jikoni. Alikuwa ananitazama mimi, si Dowsett, na nilielewa anachouliza: na wewe umekuja kuzika nini?

Nje, Dowsett alipokuwa anageuza gari, nilirudi barazani nikamshika Apenisa bega.

"Apenisa, usikubali. Ile karatasi inakunyima matibabu, inakunyima kila kitu. Wakikuachisha kazi, kibali chako hakipo. Sema ukweli tu."

"Nimepokea, Mama Merle."

"Amekudanganya! Amekuja na stika!"

"Najua." Alifuta uso. "Yeye kadanganya. Mimi nimepokea kweli. Nikifukua leo, mimi ndiye nitakuwa mwongo mbele ya baba yangu na wa kwetu wote. Acha."

Njia nzima Dowsett alikuwa anapiga mluzi. Nilimwomba asimamishe gari nikatapika kando ya mashamba ya miwa. Akanipa maji, akasema ni joto.

498.

19 Februari, Jumatatu

Jua, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze. Nimetundika 500 kwa mikono yangu na watu wakapiga makofi.

Soseji kwenye mkate, vitunguu, bia baridi saa sita mchana. Majaketi yaligawiwa kwa majina. Dowsett alitoa hotuba kuhusu familia: sisi ni familia moja. Kisha akamleta Apenisa, naam, wamemleta, kwa gari la kampuni, na kumsimamisha mstari wa mbele kwa ajili ya picha. Vince alimvalisha jaketi kama anavyovalishwa mtoto. Mpiga picha akasema, "Wewe mkubwa, mkono nyuma kidogo." Akaupeleka nyuma.

"Merle, vaa lako!" wakaniita.

"Halinitoshi."

"Wewe si ulichukua saizi kubwa?"

"Nimenenepa."

Wakacheka. Nililiacha kwenye kiti. Fergie pia hakuvaa la kwake, alilikunja akalikalia. Nilipopita karibu alinishika mkono.

"Merle, mficha maradhi kifo humuumbua. Sisi tumeficha maradhi ya mwenzetu."

"Unataka nifanye nini?"

"Mimi sijui. Mimi nahesabu miwani."

Nilirudi nyumbani nikakaa jikoni, viatu bado miguuni. Apenisa kazika, mdomo wake umefungwa na heshima yake mwenyewe. Vince kafungwa na woga. Lakini mimi nimepokea nini? Hakuna aliyeniletea kava. Hakuna aliyekaa mkekani mbele yangu. Mdomo wangu ni wangu, na nimeufunga bure, kwa ajili ya jaketi na miaka miwili iliyobaki nistaafu.

20 Februari

Nimepiga simu kwa wakaguzi wa serikali. Walinikalisha kwenye muziki wa kusubiri dakika arobaini. Sikukata.

22 Februari, Alhamisi

Milimita 19. Mkaguzi amekuja, Bi. Anstey, mwanamke mfupi, buti zake zimechakaa kweli, si za maonyesho. Alikaa ofisini kwangu, akawasha kinasa sauti, akaniambia nianze nitakapo.

Nilianza na supaglu. Nikaenda kwenye viazi, kipandio, Fergie na miwani, mpira wa haidroliki. Nilipofika kwenye kitobo alinikatiza.

"Ulijua kwamba alitakiwa kwenda hospitali?" akauliza.

"Nilijua."

"Kwa hakika?"

Nikamwonyesha picha juu ya sinki. "Nilisimama chini ya hiyo nikamtia plasta. Meneja alinishauri vibaya, lakini plasta niliitia mimi, na mkwaruzo niliuandika mimi. Andika hivyo hivyo."

"Cheti chako kinaweza kufutwa."

"Kifute. Hakimfai mtu."

Aliuliza kama kuna mwingine anayetaka kusema. Nikasema sidhani. Nje nikasikia magongo kwenye kokoto, ko, ko, ko, ni Fergie anajikongoja kwenye tope, hajaitwa na mtu. Aliingia, akakaa kwenye kiti kilekile alichokalia mwezi mzima, akapandisha mguu mezani mbele ya yule mama wa watu.

"Kipandio cha tatu," akasema. "Njoo nikuonyeshe. Halafu nikuonyeshe na choo nilichokuwa nabebwa kwenda."

Sikuwahi kumpenda Fergie sana. Nilimwona mpiga soga tu. Nimekosea.

Jioni Vince alinisubiri kwenye gari langu. Selotepu imetoka sasa, kovu baya.

"Msaliti mkubwa wewe," akasema. "Miaka kumi na tisa unakula nasi."

"Nani alimwambia apitishe mkono, Vince?"

"Sote tunapitisha mikono!"

"Na wewe unavyo vidole kumi."

Alitema mate karibu na kiatu changu. Akapanda pikapu yake akaondoka. Na aende zake!

27 Februari, Jumanne

Milimita 70. Bi. Anstey kapiga simu. Apenisa hakukubali wala hakukana, kila swali alijibu, "Niliyapokea." Lakini hospitali ilikuwa imeandika kilichotolewa mkononi: mafuta ya mtambo. Mashine ya kuoshea gari inatoa maji. Karatasi ya Dowsett imekuwa takataka. Ajali ni ya kazini. Apenisa atatibiwa, atalipwa mshahara wake, na atabaki nchini matibabu yakiendelea. Dowsett amesimamishwa, na kesi itafuata. Mimi cheti kimefutwa, nabaki mzanini mpaka watakapoamua.

Karakanani hakuna anayenisalimu. Asubuhi nilikuta jaketi langu limetupwa mlangoni, limekanyagwa. Nilisafishia buti.

2 Machi, Jumamosi

Mvua ya manyunyu tu, hata sikupima.

Nilikwenda kwa Apenisa. Nilipita dukani, nikasimama mbele ya mizizi ya kava dakika nzima, nikaiacha. Najua ningekwenda nayo wangelazimika kupokea, desturi haiwaachii nafasi, na mimi sikutaka kuchuma msamaha kwa njia ileile aliyopita Dowsett. Nikaenda mikono mitupu.

Litia alifungua. Nyuma yake nilimwona Apenisa kwenye mkeka, mkono umefungwa, anajaribu kumenya muhogo kwa kushoto. Aliinua uso wake na kutabasamu.

"Mama Merle! Karibu, ingia."

Litia hakusogea mlangoni.

"Sikuja na kitu," nikamwambia. "Nimekuja kukwambia wewe, maana yeye alishazika. Siku ile nilijua. Sikudanganywa na Dowsett. Nilijua kabisa, nikamrudisha kazini."

"Mkaguzi aliniambia umesema."

"Nimesema."

"Imetusaidia." Alisema hivyo bila kulainisha uso. "Mtoto wa dada yangu tunayemlea ataendelea na shule hapa. Nyumba tutabaki nayo. Hayo umeyafanya wewe, na sitakunyima."

"Litia, mwache aingie," Apenisa akasema kutoka ndani.

"Nyamaza, baba. Wewe umeshapokea vya kutosha." Akanigeukia. "Tulipotoka kwetu, mama yake aliniuliza, huko machimboni nani atamtazama? Nikamwambia, kule kuna utaratibu, mama, kuna mtu maalumu, mwenye cheti, kazi yake ni hiyo. Wiki ya kwanza yeye akarudi ananiambia, mtu mwenyewe ni mama mmoja mzuri, anachekesha. Nikalala usingizi. Mwaka mzima nimelala usingizi kwa sababu yako."

Aliitazama mikono yangu mitupu.

"Hukuja na kava," akasema.

"Hapana."

"Umefanya vizuri. Ningepokea, na ningekuchukia moyoni mpaka nife." Akashika ubao wa mlango. "Mama Merle, siku atakayokufungulia mlango huu kwa mkono ule wa kulia, ingia, kaa, kula. Kabla ya siku hiyo, usije."

Nyuma yake kisu kilimponyoka Apenisa kikaanguka sakafuni. Akainama kukitafuta.

Daktari alishasema mkono ule hautashika kitu tena. Litia anajua, na mimi najua. Nilimwambia sawa, nikashuka ngazi.